Kisa cha dole gumba la bibi: anajua kuandika, fomu inasema hajui

Nianze na kile kidole, maana mie ndie niliekishika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye ofisi moja hapa Pemba ambayo siitaji, na muhusika ni bibi yangu mzaa mama. Afisa kasogeza pedi ya wino, kaniambia "msaidie bibi", nikamshika mkono, nikalibonyeza dole gumba lake kwenye wino halafu kwenye karatasi, pale palipoandikwa sahihi au dole gumba la muombaji. Juu kidogo kulikuwa na mstari unauliza kama muombaji anajua kusoma na kuandika, Ndiyo au Hapana, na alama ilikuwa ishawekwa kwenye Hapana toka hatujakaa vizuri. Hakuulizwa. Aliangaliwa tu, bibi wa shamba, buibui lishapauka, ndara miguuni, na jibu likajulikana.

Na bibi alikuwa anajua kuandika. Hicho ndo kisa chenyewe, na nimekaa nacho miaka mingi bila kukiandika kwa sababu kila nikikianza naona watu watafikiri nalalamikia afisa mkorofi. Hakuwa mkorofi. Alimpa bibi kiti chake mwenyewe, alimwamkia kwa adabu, alitupigia fotokopi bila kututoza. Ndo maana nataka kukichambua, kwa sababu ubaya uliofanyika pale haukuhitaji mtu mbaya.

Bibi alikwenda na daftari la babake. Gamba jeusi, limeshonwa upya kwa uzi wa magunia, kurasa zimejaa kutoka kulia kwenda kushoto, wino umeshageuka rangi ya chai. Babake alikuwa na shamba dogo la mikarafuu upande wa Wete, na mle ndani kaandika kila kitu, mikarafuu mingapi na iko wapi, upi kapewa na nani, ipi iliwekwa rehani na ikakombolewa lini, wachumaji wa kila mavuno na pishi zao (pishi ni kipimo cha karafuu), deni la dukani, na siku waliyozaliwa watoto wake wote akiwemo bibi. Baada ya yeye kufariki bibi akaendelea. Ukifungua utaona mahali mwandiko unapobadilika, ule wa baba mwembamba unakwenda mbio, wa bibi mkubwa, herufi zimesimama moja moja kama zinaogopa kuanguka. Yote hayo ni Kiswahili. Kiswahili cha Pemba kabisa, ila kwa herufi za Kiarabu.

Kwa msomaji asiekuwa wa huku nieleze jambo moja, manake bila hilo kisa hakitoeleweka. Kwetu mti na ardhi ni vitu viwili. Ardhi inaweza kuwa ya serikali au ya mtu mwengine na mkarafuu uliosimama juu yake ukawa wako, unaurithi, unauweka rehani, unaugawa. Sasa ilipokuja habari ya kupanua njia na baadhi ya mikarafuu ikaingia kwenye alama za kukatwa, fidia ilikuwa inakwenda kwa mwenye mti, na mwenye mti alete ushahidi. Ushahidi wa bibi ulikuwa lile daftari. Hakuna karatasi nyengine duniani iliyokuwa inajua ile mikarafuu mmoja mmoja.

Afisa alilipokea akalifungua kwa upande wa kushoto, yaani alianzia mwisho. Akageuza kurasa mbili tatu tupu, akafika kwenye maandishi, akasema, "Bibi hii Kiarabu, sisi hapa tunapokea Kiswahili au Kiingereza, itabidi mtafute mfasiri."

Bibi akamwambia, "Hichi Kiswahili mwanangu. Lete nikusomee."

Akaligeuza, akavaa miwani yake iliyofungwa kamba, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kinafuata mstari: mikarafuu sita ya mbele ya kisima kanipa babangu, mikarafuu minne ya bondeni nimenunua kwa fulani. Watu waliokuwa kwenye benchi wakawa wanasikiliza, mzee mmoja akaitikia kabisa "eeh, kisima kile nakijua". Afisa nae akawa anatikisa kichwa, anafahamu kila neno, mwenyewe Mpemba vilevile. Akamwacha mpaka akamaliza ukurasa, halafu akasema kwa upole, "Nimekufahamu bibi, lakini mie siwezi kutia kwenye faili kitu nisichoweza kukisoma. Lete tafsiri yenye muhuri."

Hebu litazameni hilo vizuri. Mpemba anamwambia Mpemba mwenzake akamtafute mfasiri, afasiri Kiswahili kwenda Kiswahili. Sikio lake lilikuwa limeshafahamu, jicho ndo lilikuwa mgeni, na ofisini la jicho ndo linalohesabiwa.

Sasa jicho lilifanywaje mgeni? Hapa itabidi nirudi nyuma sana, mnivumilie.

Watu wengi, hata waliosoma, ukiwauliza Kiswahili kilianza kuandikwa lini watakwambia walipokuja Wamishionari. Si kweli. Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana mpaka sasa ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, na mojawapo ni ya Mfalme Fatima, mwanamke aliekuwa anatawala Kilwa. Barua zenyewe haziko Kilwa wala Dar es Salaam, ziko Goa, India, kwenye kumbukumbu za Wareno, kwa sababu aliebakia na karatasi ni yule aliekuwa na ngome na makabati. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alipomuandikia bintie wasia wake mwaka 1858 aliandika kwa herufi hizohizo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa misheni ya Waingereza, alitia mguu Unguja mwaka 1844, yaani miaka 133 baada ya barua za Kilwa. Hakukuta watu wasioandika lugha yao. Alikuta watu wana barua, mashairi, hati za mikopo, na madaftari kama la baba wa bibi.

Na Krapf alijua hivo. Tena aliliandika wazi, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1850, kwamba si vizuri Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kiarabu kwa sababu zitaufungulia Uislamu mlango kwa watu wa bara ambao yeye alitarajia watakuja kuwa Wakristo. Sisemi haya kumsingizia, ni sababu aliyoitoa mwenyewe. Naitaja kwa sababu tunapenda kufikiri kwamba herufi za Kirumi zilichaguliwa kwa kuwa nyepesi. Wepesi zinao, nitafika huko, ila katika watu wa mwanzo waliobeba kalamu wa mbele kabisa alikuwa na hesabu nyengine.

Halafu mwaka 1864 ikaja Unguja misheni ya Kianglikana iliyoitwa UMCA, na ndani yake Edward Steere, ambae baadae akawa askofu. Steere nampa haki yake, alikuwa mtu wa kazi, alikaa na watu akasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kinavosemwa Unguja mjini. Alikijuaje Kiswahili hicho? Alifundishwa. Kuna watu wa Unguja walikaa nae wakimsimulia, wakimjibu, wakimwambia hivi haisemwi bwana, husemwa hivi. Elimu ilitoka kwao ikaingia kwake kwa mdomo, kwake ikageuka chapa, na ilipochapwa ikawa ya mwenye jina juu ya gamba. Mimi hilo sioni kama ni wizi, ni jambo jengine lisilokuwa na jina zuri: yule aliefundisha hakuwa na mashine, na kitu kisichopita kwenye mashine kilianza kuhesabiwa kama hakijasemwa.

Mwaka 1890 visiwa vikawa chini ya himaya ya Uingereza. Zikaja skuli za serikali (na sisi tunasema skuli sio shule, kwa sababu shule ni neno la Mjerumani alietawala Tanganyika, huku tulipewa la Muingereza, hata jina la mahali pa kujifunzia linakwambia nani alikuwa juu yako). Mwaka 1928 wakakutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kitumike kwenye nchi zote nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kikachaguliwa cha Unguja mjini. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kusanifisha, kukagua vitabu vya skuli, kusema hiki sahihi hiki si sahihi, na kwa miaka zaidi ya kumi wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu. Watu wa Unguja waliambiwa Kiswahili chenu ndo kimeshinda na hawakuwa na hata mtu mmoja kwenye meza ya kushindania. Watu wa Pemba, Tumbatu, Makunduchi ndo kabisa, sisi tukawa watu wa kusahihishwa. Mie nimepigwa alama ya kosa skuli kwa kuandika "kaja", niandike "amekuja". Neno analosema mamangu kila siku.

Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili. Hakuna aliekuja kuzipiga marufuku herufi za bibi. Hakuna polisi aliechoma daftari. Chuoni, yaani madrasa, ziliendelea kufundishwa, mpaka leo zinafundishwa. Kilichofanyika ni kwamba kila kitu chenye faida kilihamia upande wa pili, kimoja kimoja. Kitabu cha skuli kikahamia, mtihani ukahamia, kazi ya ukarani ikahamia, hati ya shamba ikahamia, kadi ya hospitali ikahamia. Herufi za zamani zikabakia na Msahafu, dua, na madaftari ya watu wa shamba. Baada ya vizazi viwili mtu akiziona anasema hii Kiarabu. Sio kwamba amesahau kuzisoma tu, amesahau kwamba zilikuwa zake.

Baada ya mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, elimu ikatangazwa bure, na mie ni mtoto wa tangazo hilo, bila ya hilo nisingekuwa naandika hapa. Siwezi kulisema vibaya. Ila skuli tulizozikimbilia kwa furaha yote ile zilikuwa zimejengwa juu ya uamuzi wa 1928, na ndani yake hapakuwa na somo hata moja lililonifundisha kwamba bibi yangu ni msomaji. Nikarudi nyumbani na daftari langu la mistari, nikakaa karibu yake, na nikaanza kumuonea huruma. Kinachoniuma zaidi ya ofisi ni hicho. Mtoto wa miaka tisa anamuonea huruma mtu aliekuwa anaweka hesabu ya shamba zima.

Turudi kwenye kisa. Mfasiri akapatikana, mwalimu mmoja kasoma nje, Kiarabu chake kinasifiwa. Kachukua siku nne. Kumbe siku ya kwanza yote alikuwa anahangaika kwa sababu alidhani ni Kiarabu kilichoandikwa na mtu asiejua Kiarabu, anatafuta kitenzi hakioni. Yaani hata yeye, mwenye herufi zote mkononi, hakutarajia kukuta Kiswahili mle ndani. Alipogundua ikawa kazi rahisi, akaandika, ikapigwa chapa, ikagongwa muhuri, tukalipa.

Tukairudisha ofisini. Na katika kutayarisha, afisa akasema ataisoma kwa sauti ili bibi athibitishe, jambo la uadilifu sana, sijui ingekuwaje kama asingefanya hivo. Akasoma, bibi anaitikia. Akafika: "Mikarafuu mitatu ya bibi, alinipa ami yangu."

Bibi akasema, "Ngoja. Ya nani?"

"Ya bibi."

"Hapana bibi hapo. Ni mikarafuu ya pembe. Pembe ya shamba, pale njiani."

Ile mitatu ndo hasa iliyokuwa inakatwa. Na tofauti haikuwa ndogo: ikiwa ni mikarafuu ya pembe aliyopewa na ami yake, basi ni mali ya babake, na bibi ndie mrithi. Ikiwa ni mikarafuu ya bibi, manake ilikuwa ya bibi wa huyo baba, ami kagawa kisichokuwa chake peke yake, na warithi wa yule bibi wa zamani, ambao ni ukoo mzima mpaka Mkoani, kusini ya Pemba, wana haki yao. Neno moja lilikuwa linataka kufungua kesi ya miaka kumi.

Tukafungua daftari. Hapo ndo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kufundishwa. Herufi za Kiarabu kama wazee wengi walivoziandika hazina p, wanatumia be. Sauti ya mb nayo mara nyingi huandikwa be tupu, ile m inaachwa, msomaji ataijaza mwenyewe. Na irabu ziko tatu, fataha ya a, kasra chini ya herufi kwa i na kwa e pia, dhuma kwa u na kwa o. Kwahiyo pe inakuwa be yenye kasra, mbe inakuwa be yenye kasra, na pembe yote inatoka sawasawa kabisa na bibi. Be kasra, be kasra. Mwalimu hakukosea kusoma. Alisoma kilichoandikwa. Alichokosa ni kulijua shamba.

Mie nikamuuliza bibi, sasa wewe unajuaje kama ni pembe? Akaniangalia kama nimemuuliza anajuaje jina lake. "Si mistari yote hii ya mahali? Kisima, bondeni, mbuyuni, pembe. Bibi ataingiaje katikati hapo?" Na kweli, ukurasa mzima umepangwa kwa kuzunguka shamba, ukilijua shamba unatembea nao kwa miguu.

Najua hapa kuna mtu atasema, si umeona, herufi zenyewe ndo zina kasoro, Wazungu walitusaidia. Nimelifikiria sana hili na sitaki kulikwepa. Ni kweli herufi za Kirumi zinakaa na Kiswahili vizuri, irabu tano herufi tano, mtoto anajua kusoma kwa miezi. Lakini kasoro ile haikuwa ya kudumu. Waajemi waliziongezea nukta tatu wakapata p na ch, watu wa Urdu wakafanya yao. Na kwetu pwani kazi hiyo ilishaanza, Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliefariki mwaka 1890, alikuwa ameshatengeneza alama za kutenganisha sauti za Kiswahili katika herufi hizohizo, alifanya kazi na mmishionari William Taylor kukusanya na kunakili mashairi ya zamani, na makaratasi hayo leo yako London, chuo cha SOAS, yanaitwa kwa jina la Taylor. Kwahiyo dawa ilikuwepo, na daktari alikuwepo, mtu wa hapahapa. Kilichokosekana ni skuli ya kuifundisha, mtambo wa kuichapa na serikali ya kuitambua. Kiingereza chenyewe hakiandikwi kama kinavotamkwa, kila mtoto wa skuli amelia nacho, na hakuna aliekwenda kuwaambia Waingereza wabadilishe herufi.

Lakini pia nisijidanganye upande wa pili. Herufi za bibi nazo zilikuja na jahazi. Zilikuja na dini, na biashara, na baadae na utawala wa Waarabu wa Oman, na kwa muda mrefu mwenye kuzijua alikuwa juu ya asiezijua. Wenye mashamba ndo waliokuwa na madaftari, na hapa visiwani utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897, kwahiyo kwenye mashamba ya karafuu kulikuwa na mtu anaeandika pishi na mtu anaechuma asieweza kuuliza kimeandikwa nini. Na ndani ya nyumba zilezile kulikuwa na mpaka mwengine, wanawake. Mtoto wa kike alifundishwa kusoma, kuandika hakufundishwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliezaliwa mwaka uleule aliofika Krapf, ameeleza mwenyewe kwamba alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Binti wa Sultani huyo. Bibi yangu nae chuoni alifundishwa kusoma tu, na mkono alifunguliwa na babake usiku baada ya isha, kwa sababu babake macho yalianza kupungua na hakuwa na mtoto wa kiume wa kumuachia hesabu. Ni haja tu iliyomfungulia, tusiseme ulikuwa ukarimu wa zama zile. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na kwa binti wa shamba Pemba ilikuwa kama imefunguliwa Uingereza.

Kwahiyo sisemi kwamba kulikuwa na pepo halafu ikaharibiwa. Ninachosema ni chengine. Mle ndani ya daftari, pamoja na udhaifu wake wote, bibi alikuwa na uwezo wa kumsahihisha mtu. Mchumaji akija kudai pishi anafungua anamuonesha. Ndugu akija na maneno anafungua. Hata yeye mwenyewe akisahau, babake anamsahihisha kutoka kaburini. Siku maandishi yale yalipohamishwa kwenye karatasi ya chapa, ujuzi wake ulikuwa uleule, mikarafuu ileile, kichwa kilekile, lakini ule uwezo wa kusahihisha ulimtoka mkononi ukaenda kwa mwalimu, kwa afisa, na kwangu mie mjukuu. Kama afisa asingesoma kwa sauti, "bibi" ingegongwa muhuri ikawa kweli. Tukitaka kujua mwenye nguvu pale ofisini ni nani tusitazame nani anajua zaidi kuhusu lile shamba. Alieweza kuharibu neno bila mwenyewe kujua ndie aliekuwa na nguvu, na sisi watatu tuliweza, yeye hakuweza.

Hata marekebisho yenyewe yalipita juu ya kichwa chake. "Kanipa" ya babake ilikuwa ishageuzwa "alinipa". Nilipomwambia akacheka kidogo akasema, "Babangu hakusema hivo." Neno "bibi" likakatwa kwa kalamu, likaandikwa "pembe" juu yake, afisa akatia sahihi pembeni.

Mtoto mmoja wa ndugu yangu anasoma madrasa sasa, anasoma Kurani vizuri sana mashallah. Mwezi uliopita nimempa lile daftari bila kumwambia chochote. Akaanza kutamka, ka, ni, ba, ba, ba, ngu, kama anavosoma kitu asichokijua maana, akarudia, akarudia haraka, halafu uso ukabadilika, "Ami! Kanipa babangu! Inasema Kiswahili!" Ilimchukua dakika tano. Watoto wetu karibu wote wana funguo za mlango huu mkononi na hakuna aliewaambia kuna mlango. Baraza letu la Kiswahili hapa Zanzibar limeshatoa makamusi ya lahaja, Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi, na nawashukuru kwa moyo wote, na ningeomba kazi ya namna ile ifike na kwenye maandishi, na fomu zetu zikiuliza kama mtu anajua kuandika ziulize na kwa herufi zipi. Ni kisanduku kimoja tu zaidi.

Lile dole nililoanza nalo lilikuwa la fomu ya pili. Fomu ya kwanza bibi aliisaini. Nilikuwa namtafutia miwani, nikageuka nikamkuta ameshachukua kalamu ya afisa na anaandika jina lake pale penye mstari, kutoka kulia, herufi kubwa zilizosimama moja moja, jina lake, jina la babake, jina la babuye. Afisa akaitazama, akaona mikwaruzo, akasema bila hasira yoyote, "Bibi ushaniharibia fomu", akachapisha nyengine na akasogeza pedi ya wino. Mie sikusema kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma mpaka kidato cha sita, na sikusema kitu, nikamshika mkono.

Fomu ile iliyoharibika hakuiacha mezani. Aliikunja akanipa, akasema itie ndani ya daftari, na ndimo ilimo mpaka leo, baina ya ukurasa wa pishi na ukurasa wa mikarafuu ya pembe.